Mpangaji Aliyejenga Ghorofa Mlangoni kwa Mwenye Nyumba

Kati ya stesheni ya King's Cross na stesheni ya St Pancras, mjini London, pana upana wa barabara moja tu. Ukishika Barabara ya Euston kuelekea magharibi, kwa mwendo wa kama dakika kumi kwa miguu, unaikuta ya tatu, Euston yenyewe. Stesheni kuu tatu, zote ni mwisho wa reli, zote hutoa treni za kaskazini, na bado abiria anayetaka kutoka moja hadi nyingine hushuka chini ya ardhi au huburuta sanduku lake barabarani. Mara ya kwanza kuliburuta la kwangu nilijiuliza mhandisi aliyepanga haya alikuwa amekunywa nini. Baadaye nikasoma historia yake, nikaona kwamba wahandisi hawakuwa na kosa. Huu ni ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba, ugomvi ambao kila aliyewahi kulipa kodi ya miezi sita mbele pale Dar atauelewa bila kufafanuliwa.

Uingereza haikupangiwa reli na serikali. Kampuni binafsi zilikwenda bungeni, kila moja na mswada wake mkononi, zikiomba ruhusa ya kuchukua ardhi na kutandika njia. Hakuna aliyekaa kitako na ramani ya nchi nzima. Kampuni ya London na Birmingham ilifungua Euston mwaka 1837. Great Northern ikafungua King's Cross mwaka 1852. Na huko katikati ya nchi, kwenye mji wa Derby, ilikaa Midland, iliyozaliwa mwaka 1844 kwa kuunganishwa kampuni tatu, mbili kati yake zikiwa zimenyang'anyana abiria hadi zikadhoofika. Aliyefungisha ndoa hiyo ni George Hudson wa York, waliyemwita Mfalme wa Reli. Mfalme huyo alikuwa akiwalipa wanahisa gawio kutoka kwenye mtaji wenyewe, mchezo ambao kwetu una jina lake, upatu, na mwaka 1849 ukamfukuzisha kwenye uenyekiti wa kampuni zake za reli.

Midland ilibaki na mali: makaa ya mawe ya Derbyshire na Nottinghamshire, na bia ya mji wa Burton. Ilichokosa ni mlango wa kuingilia London. Ikawa mpangaji. Kwanza ilipitisha treni zake mji wa Rugby na kuzifikisha Euston juu ya reli za London and North Western, kampuni iliyorithi ile ya London na Birmingham. Kisha, kuanzia 1858, ikahamia kwa jirani na kupita Hitchin hadi King's Cross kwa Great Northern. Kote ililipa ushuru wa njia, na kote treni ya mwenye nyumba ilitangulia. Kiangazi cha 1862 London ilikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa, watu wakamiminika, njia zikajaa, na Great Northern ikaamua kuyatoa mabehewa ya makaa ya Midland kwenye njia za pembeni za King's Cross. Vyombo nje, kwa lugha ya uswahilini.

Mwaka uliofuata Midland ilikwenda bungeni ikapata sheria ya kujenga reli yake yenyewe kutoka Bedford hadi London. Na stesheni ikaiweka wapi? Ubavuni mwa King's Cross, na hiyo ndiyo St Pancras. Ni kweli kwamba zilikuwapo sababu za kawaida: bunge halikutaka stesheni zipenye hadi katikati ya jiji, kwa hiyo Barabara ya Euston ilikuwa kama ukuta wa kaskazini ambao kila kampuni iligonga na kuishia. Lakini tazama majengo yenyewe. King's Cross ni matao mawili ya matofali ya rangi ya hudhurungi na saa katikati, basi. Aliyesimamisha kile kilichopo upande wa pili wa barabara alitaka mwenye nyumba wa zamani akione kila asubuhi akifungua dirisha.

Hata hivyo, jeuri ile ilipata fundi. Njia ya Great Northern ilipita chini ya mfereji wa Regent's kwa handaki. William Henry Barlow, mhandisi wa Midland, aliamua kupita juu yake, na kwa sababu reli haipendi mteremko mkali, stesheni ikalazimika kukaa mita kama tano juu ya barabara. Mwingine angejaza udongo. Barlow akaacha uwazi, akausimamisha kwa nguzo za chuma, na kampuni ikapangisha ghala hilo kwa bia ya Burton. Nafasi kati ya nguzo na nguzo ilipimwa kwa mapipa ya bia. Barlow mwenyewe alieleza kwamba pipa ndilo lililokuwa kipimo cha mpango mzima. Nimeipenda hesabu hiyo kuliko chochote kingine katika jengo lile.

Kisha lile paa. Tao moja la chuma, upana mita 73, urefu zaidi ya mita 200, na katikati hakuna nguzo hata moja. Lilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1868 hapakuwa na paa la tao moja pana kuliko hilo duniani. Siri yake iko miguuni. Tao lolote hutaka kupanua miguu na kulala. Barlow aliikamata miguu hiyo kwa mihimili ya sakafu, ileile inayobeba treni, ikawa ugwe na paa likawa upinde. Ugwe umevutwa, upinde umesimama. Ghala la bia limebeba sakafu, na sakafu inalishika paa.

Mbele yake George Gilbert Scott akajenga hoteli, Midland Grand, iliyofunguliwa 1873: minara, madirisha yaliyochongoka kama ya kanisa, matofali mekundu kutoka Nottingham. Matofali hayo hayakuchaguliwa kwa urembo tu. Yalisafiri kwa reli ya Midland, kama kilivyosafiri chuma cha paa kutoka Butterley, Derbyshire. Jengo zima lilikuwa tangazo la njia.

Sasa niseme lile ambalo wapenzi wa stesheni hii hulipitia haraka. Pale palikuwa na watu. Mtaa wa Agar Town na sehemu ya Somers Town, vibanda vya maskini, vilibomolewa ili reli ipite. Wenye ardhi walilipwa. Wapangaji wa wiki kwa wiki, maelfu yao, hawakulipwa kitu. Mpangaji aliyetolewa vyombo nje mwaka 1862 alikuwa akiwatolea wengine vyombo nje miaka michache tu baadaye, bila hata ya kuona haya. Wafu nao hawakusalimika, kwa kuwa reli ilikata makaburi ya kanisa la zamani la St Pancras, na kijana mmoja wa ofisi ya wasanifu akapewa kazi ya kusimamia ufukuaji wa mifupa. Aliitwa Thomas Hardy, na umaarufu wake alikuja kuupata kwa kalamu.

Je, ushindani huu haukuwapa raia chochote? Uliwapa. Midland, ikitafuta abiria kwa udi na uvumba, mwaka 1872 iliruhusu daraja la tatu kwenye treni zake zote, hata zile za mwendo kasi ambazo maskini alikuwa hapandi. Mwaka 1875 ikafuta daraja la pili na kuwawekea wa tatu viti vyenye mito. Kampuni nyingine zilikasirika, kisha polepole zikafuata. Ndiyo maana kwa miaka mingi treni za Uingereza zilikuwa na daraja la kwanza na la tatu, la pili halipo, hadi 1956 walipoona aibu wakabadilisha jina. Huku kwetu madaraja yote matatu yalibaki, na aliyewahi kukalia mbao za la tatu kutoka Dar hadi Kigoma hahitaji kuelezwa thamani ya mto.

Kwa hiyo sisemi kampuni zilikuwa shetani. Ninachopinga ni hadithi kwamba soko lilipanga mambo vizuri. Serikali hiyohiyo ya Uingereza, ilipotaka reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, haikusubiri kampuni zishindane. Bunge liliidhinisha pauni milioni 3 mwaka 1896, gharama ikapita milioni 5, na njia ikajengwa moja tu. Hapa London, ambako abiria walikuwapo tayari, walijengewa milango mitatu isiyozungumza.

Na wanaoamini kwamba serikali ingekuwa mlezi mwema, nao wasubiri kidogo. Mwaka 1923 kampuni zilikusanywa kwa sheria zikawa nne, na mahasimu Euston na St Pancras wakajikuta chini ya paa moja la LMS, mojawapo ya hizo nne. Hoteli ya Scott, iliyokuwa na vyumba vingi na mabafu machache, ikafungwa 1935 na kugeuzwa ofisi. Mwaka 1948 reli zote zikawa za taifa, na shirika la taifa ndilo lililovunja lango kubwa la mawe la Euston mwanzoni mwa miaka ya 1960. Likaja na mpango wa kuunganisha King's Cross na St Pancras, mpango ambao ungelimaliza jengo la Scott. Mshairi John Betjeman na mwanahistoria Nikolaus Pevsner walipiga kelele, na mwaka 1967 jengo likapewa ulinzi wa ngazi ya juu kabisa. Saa kubwa ya ndani haikubahatika. Miaka ya 1970 iliuzwa, ikadondoka wakati wa kushushwa ikavunjika vipande, na mfanyakazi mmoja wa reli akavinunua kwa pauni 25, akaiunga upya kwenye ukuta wa ghala la shamba lake.

Mwaka 2007 St Pancras ilifunguliwa tena kwa treni za Paris na Brussels. Msafiri wa Paris leo hukaguliwa pasipoti palepale yalipolala mapipa ya Burton, kisha hupanda juu na kujikuta chini ya upinde wa Barlow, ambapo sanamu ya Betjeman imeshika kofia na kukodolea macho paa.

Na treni za Derby, Nottingham na Leicester, wenyewe waliojenga? Zimewekewa majukwaa manne nyuma, nje ya paa lile kuu, kwenye nyongeza yenye dari bapa. Abiria wake hutembea urefu wote wa stesheni kuzifikia. Wageni wako sebuleni, wenye nyumba wako uani.