Woking ilihitaji mkaguzi, imepewa mipaka mipya

Bili yangu ya kwanza ya kodi ya halmashauri nchini Uingereza niliisoma mara tatu. Imetoka manispaa, ya kulipwa manispaa, lakini ndani yake pesa zimegawanywa mafungu matatu: la kaunti, yaani halmashauri kubwa iliyo juu ya manispaa kadhaa, la polisi na la manispaa yenyewe. Fungu la manispaa ndilo lililokuwa dogo kuliko yote. Huko Surrey, kusini-magharibi mwa London, manispaa hubaki na takriban sehemu moja kwa kumi ya kodi inayoikusanya. Kama robo tatu huenda kaunti.

Kwa hiyo manispaa ndiyo inayogonga mlango kudai, na ndiyo inayotukanwa. Jirani zangu walikuwa wakimfuata diwani wa manispaa kumlalamikia mashimo ya barabarani, ilhali barabara ni za kaunti. Shule ni za kaunti, maktaba ni za kaunti, matunzo ya wazee ni ya kaunti. Manispaa ina vibali vya ujenzi, nyumba za watu wa kipato cha chini, bustani, leseni za baa na usimamizi wa uchaguzi. Hata taka wamegawana: manispaa inazizoa majumbani, kaunti inajua pa kuzipeleka. Mpangilio huu ulianza tarehe 1 Aprili 1974, chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972, na katika kaunti kama Surrey umedumu miaka hamsini na zaidi. Wilaya ikiwa na hadhi ya manispaa inapata meya, lakini asije msomaji wa Ilala au Kinondoni akadhani ni meya wa kwetu. Huyu huvaa mkufu, huongoza vikao na hualikwa kwenye sherehe. Maamuzi yako kwa kiongozi wa halmashauri, yaani kiongozi wa chama au muungano wenye madiwani wengi.

Nayaeleza haya kwa sababu ya Woking, moja ya manispaa za Surrey. Wengi wetu Waislamu tunaujua mji huo kwa msikiti wake, Shah Jahan, uliojengwa mwaka 1889, msikiti wa kwanza Uingereza kujengwa tangu mwanzo uwe msikiti. Ni mji wa treni, wa watu wanaoamkia kazini London, na manispaa nzima ina watu wapatao 104,000. Juni 2023 ofisa mkuu wa fedha wa manispaa hiyo alitoa notisi ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1988. Halmashauri ya Kiingereza haiwezi kufilisika kisheria kama kampuni. Notisi hii ndiyo namna ya kusema hadharani kwamba mapato hayatoshi matumizi, na kuanzia hapo matumizi yote mapya husimama isipokuwa yale yanayolazimishwa na sheria. Pengo lilikuwa pauni bilioni 1.2. Fedha za msingi za manispaa kwa mwaka ule zilikuwa pauni milioni 16. Gawanya mwenyewe: pengo ni mara sabini na tano ya fedha hizo.

Walikopa kujenga. Ukishuka treni Woking unaona minara ya Victoria Square, wa juu kabisa ukipita ghorofa 30, fleti na hoteli na maduka, yote yamejengwa na kampuni zilizokopeshwa na manispaa, ambayo nayo ilikopa serikalini. Manispaa iliyoundwa kuzoa taka na kutoa vibali ikageuka mwekezaji wa majengo. Sidhani waliofanya hivyo walikuwa wezi. Ruzuku kutoka serikali kuu ilikuwa inakatwa mwaka hadi mwaka tangu 2010, na mtu aliyekatiwa posho hutafuta mradi. Lakini kukopa harusi, kulipa matanga. Kuanzia Aprili 2024 manispaa iliruhusiwa kupandisha fungu lake la kodi kwa asilimia 10, wakati manispaa za aina yake kwa kawaida hazitakiwi kuvuka karibu asilimia 3 bila kura ya maoni. Misaada kwa vikundi vya kujitolea ikakatwa. Aliyelipia ni bibi aliyekuwa akienda kituo cha wazee, na yeye hakuwahi kuulizwa kama anataka mnara.

Swali ninalolirudia ni hili: mkopeshaji alikuwa wapi, na mkaguzi alikuwa wapi?

Mkopeshaji ni Public Works Loan Board, mfuko wa serikali ambao asili yake ni mwaka 1793. Tangu 2004 halmashauri za Uingereza haziombi tena kibali cha serikali kuu kila zinapokopa. Zinatakiwa zijipime zenyewe kama zitaweza kulipa. Riba ilikuwa ndogo na maswali yalikuwa machache. Kanuni zilikazwa Novemba 2020, kuzuia mikopo ya kununua mali kwa ajili ya faida tu, na kufikia hapo Woking ilikuwa imezama.

Mkaguzi ndiye anayeniumiza zaidi. England ilikuwa na Tume ya Ukaguzi iliyoanza kazi mwaka 1983, ikiteua wakaguzi wa halmashauri zote na kulinganisha hesabu zao. Serikali ilitangaza mwaka 2010 kwamba itaifuta, na ikafungwa Machi 2015. Kazi ikabaki kwa kampuni binafsi chache, kila moja na halmashauri zake, bila mtu wa kuitazama picha nzima. Matokeo yake, kwa hesabu za mwaka 2022/23, ni asilimia 1 tu ya taasisi za serikali za mitaa zilizotoa hesabu zilizokaguliwa kwa wakati. Asilimia moja! Tanzania tuna matatizo yetu, na madudu ya halmashauri tunayasikia kila mwaka, lakini tunayasikia kwa sababu CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakagua kila halmashauri, ripoti inafika bungeni, na LAAC, kamati ya bunge ya hesabu za serikali za mitaa, inawaita wakurugenzi wajieleze. Diwani wa Woking hakuwa na kitu kama hicho cha kushika mkononi. Aliletewa makabrasha mazito na maofisa, akaambiwa mambo ni salama, akanyoosha mkono.

Sasa tiba. Desemba 2024 serikali ilitoa waraka wa sera unaotaka kaunti na wilaya zake ziunganishwe kuwa halmashauri moja moja za watu wapatao laki tano au zaidi. Surrey imetangulia. Kwa uamuzi uliotangazwa Oktoba 2025, kaunti na wilaya zake 11 zote zinafutwa, na Aprili 2027 zinabaki halmashauri mbili, Surrey Mashariki na Surrey Magharibi. Serikali imeahidi kulipa pauni milioni 500 za deni la Woking, na hilo ni jambo jema.

Lakini kinachofutwa ni ukaribu, na ukaribu haukukopa hata senti. Niliwahi kuhudhuria kikao cha kamati ya vibali katika mji niliokuwa nikiishi. Mzee mmoja alipewa dakika tatu kueleza jinsi ukuta wa jirani utakavyomzibia jua jikoni. Diwani mmoja akasema anaijua nyumba ile, amepita pale asubuhi. Uamuzi uliahirishwa ili waende wakaone. Halmashauri ya watu laki sita na zaidi haitakuwa na diwani aliyepita pale asubuhi.

Northampton wameshayapitia. Mwaka 2018 kaunti ya Northamptonshire ndiyo iliyotoa notisi ya kifungu cha 114. Kosa la kaunti, na bado mwaka 2021 manispaa zilifutwa pamoja nayo, ikiwemo Northampton yenye hati ya kifalme ya mwaka 1189. Mji ulibidi uunde baraza dogo la mji ili angalau meya abaki.

Na deni halijui mipaka. Surrey Magharibi itaiweka Woking chumba kimoja na Guildford, Waverley, Runnymede, Surrey Heath na Spelthorne. Spelthorne nayo ni manispaa ndogo iliyokopa zaidi ya pauni bilioni moja kununua majengo ya ofisi. Mkazi wa Waverley, ambaye hajawahi kuona mlango wa ofisi hizo, atakuwa mdaiwa mwenzao.

Serikali imesema itaunda ofisi mpya ya kusimamia ukaguzi wa serikali za mitaa. Kwangu hiyo ilistahili kuja kwanza, na mipaka baadaye, kama kweli ingehitajika. Ningetaka mkaguzi aingie Woking na Spelthorne sasa hivi, manispaa zikiwa bado zina jina na mlango, maofisa waliotia saini wakiwa bado wanajulikana, na madiwani waliopiga kura wakiwa bado wanakutana na wapiga kura wao kituo cha treni.