Usikubali masega yatolewe kabla hujajua kilichoyaua

Gari la zamani likianza kukosa nguvu hapa Mwanza, hukumu yake huwa imeshatoka kabla boneti haijafunguliwa. Iwe Nyakato, Igoma, Mkuyuni au Buhongwa, fundi atainama, atagonga kwa spana lile kopo la ekzosi lenye masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi (catalytic converter), kisha atainuka akipangusa mikono: "Bosi, masega yameziba. Tuyatoe, uone gari litakavyokimbia." Grenda inawashwa, kopo linapasuliwa ubavu, vipande vinamwagwa chini, kopo linachomelewa tena tupu. Kufika mchana umeshalipa na kuondoka. Kazi hiyo naipinga waziwazi, na naipinga kwa sababu nayapenda magari ya zamani na nataka yaendelee kutembea.

Mimi naendesha Toyota Mark II GX81 ya mwaka 1990. Wapo wanaodhani masega ni mambo ya magari mapya yenye kompyuta nyingi. Hapana. Japani ilikaza masharti ya moshi wa magari ya petroli mwaka 1978, na magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko lake baada ya hapo, yaani karibu yote haya tunayoletewa kama mtumba, yaliundwa na masega yake. Hesabu za injini ya Mark II yangu zilipigwa masega yakiwepo.

Ndani ya lile kopo kuna tofali la kauri lenye vitundu vyembamba, kwa kawaida mamia kwenye kila inchi moja ya mraba. Ukilishika juani utaona mwanga ukipenya kutoka upande mmoja hadi wa pili kama lingali zima. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa utando wenye platini, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita hapo ukiwa na joto la kutosha, kuanzia kama nyuzi 300 za Selsiasi, kaboni monoksaidi inageuzwa kuwa kaboni dioksaidi, petroli ambayo haikuungua inamaliziwa kuunguzwa, na oksidi za naitrojeni zinavunjwa kurudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Yote hayo yanafanyika bila masega yenyewe kuliwa. Kwa hiyo masega hayaishi kama zinavyoisha breki pedi. Yakifa, kuna kilichoyaua.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu, na hapo ndipo naona mafundi wetu walirithi somo lililopitwa na wakati. Zamani petroli iliwekewa risasi, yaani madini ya risasi, ili injini isigonge. Risasi hiyo inafunika utando wa masega na kuua kazi yake. Eugene Houdry, mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, alibuni kifaa cha namna hii miaka ya 1950, lakini hakikuweza kuenea mpaka petroli isiyo na risasi ilipopatikana. Ndiyo maana magari ya Marekani yalianza kufungwa masega kwa wingi mwaka 1975. Huku kwetu, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005. Kwa hiyo fundi aliyefungua gari la Kijapani miaka ya 1990 akaona masega yamekufa, akayatoa, hakukosea. Kwa petroli ile yangekufa tu. Petroli imebadilika, ila ushauri umebaki uleule, na vijana wanaupokea kwa wakubwa wao bila kuuliza ulitoka wapi.

Siku hizi wauaji ni wengine. Wa kwanza ni injini inayomisi. Plagi imechoka, waya wa plagi unavujisha umeme, au kifuniko cha distributa kina ufa, basi silinda moja haiwaki. Petroli yake inatoka mbichi mpaka kwenye masega na kuungulia humo. Joto linapanda mpaka kauri inayeyuka, na kauri iliyoyeyuka inaziba njia kweli. Wa pili ni oili: ringi za pistoni zimekwisha au sili za vavu zimekauka, injini inakula oili, na majivu yake yanajenga ganda juu ya utando. Wa tatu ni sensa ya oksijeni iliyokufa, yaani kile kipimo cha oksijeni kwenye bomba la ekzosi, ambayo inaifanya injini imwage petroli kupita kiasi.

Ukiyatoa masega bila kumshughulikia yeyote kati ya hao watatu, umeondoa maiti ukamwacha muuaji ndani ya nyumba. Gari litapumua siku chache, utafurahi, halafu utarudi gereji kulalamika linakula mafuta.

Na hilo la mafuta ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu watu wanaahidiwa kwamba bila masega gari litabana matumizi. Nitaeleza nilichokiona chini ya gari la jirani yangu wa Nyegezi, naye ana GX81 kama mimi. Alitolewa masega kwenye gereji moja hapa mjini, na tangu siku hiyo ikawa kila akijaza mafuta, mshale unashuka haraka kuliko zamani. Tulilala chini ya gari asubuhi injini ikiwa ya baridi, tukaliwasha. Pale kopo lilipochomelewa palikuwa pazima. Ila juu yake, kwenye maungio ya bomba kabla ya sensa ya oksijeni, gasketi iliyovurugwa wakati wa kufungua ilikuwa imerudishwa ileile. Palisikika tik-tik-tik, na pembeni palikuwa na alama nyeusi ya masizi. Ufa wa namna hiyo unaingiza hewa ya nje kwenye bomba. Sensa inaiona oksijeni nyingi, inaiambia kompyuta kwamba petroli haitoshi, na kompyuta inaongeza. Gari linakunywa kwa sababu linadanganywa. Gasketi mpya ndiyo iliyomaliza kesi.

Masega mazima yanapunguza nguvu kidogo sana kwenye injini ya kawaida ya barabarani, kiasi ambacho dereva wa kupanda Bugando hawezi kukihisi. Yaliyoziba ndiyo yanayokaba. Kwa hiyo swali la kumwuliza fundi ni moja: umejuaje kwamba yameziba? Kugonga kwa spana kunakuambia kama tofali limevunjika na linacheza ndani, basi. Hakukuambii kama njia imeziba. Kipimo cha kweli ni kuifungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega, kufunga geji ya presha kwenye tundu lake, na kupandisha injini hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Presha ikivuka psi 3, hapo kuna kizuizi. Ikiwa chini ya hapo, tafuta ugonjwa kwingine, kuanzia pampu ya mafuta na filta yake.

Wenye Toyota za umri wa hili langu wana bahati nyingine. Kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti kuna matundu ya TE1 na E1. Yaunganishe kwa kipande cha waya, washa switchi bila kuwasha injini, kisha hesabu taa ya injini inavyokonyeza kwenye dashibodi. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza mara moja, hiyo ni kodi, yaani namba ya hitilafu, 21: sensa ya oksijeni au nyaya zake. Huhitaji mashine ya mtu.

Sasa nizungumzie hewa, maana najua wengine watasema gari moja halibadilishi kitu. Simama jioni pale Mabatini, Nyerere Road, foleni ikiwa imesimama kuelekea Igoma. Barabara ipo chini, nyumba zimepanda juu ya mawe pande zote mbili. Kando ya lami kuna mama anakaanga samaki, kuna mafundi viatu, kuna bodaboda wanaosubiri abiria, na watoto wanarudi shule kwa miguu. Gari lisilo na masega likisimama hapo likinguruma, wao ndio wanaovuta kile ambacho kopo lingekimaliza. Kaboni monoksaidi inajishika kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na haina harufu. Dereva mwenyewe hajasalimika: bomba lililochomelewa vibaya chini ya sakafu iliyoliwa na kutu linaleta moshi mpaka ndani, hasa usiku mmefunga vioo.

Hoja ya bei naielewa. Masega mapya ya kiwandani ni ghali, kwa sababu ya yale madini. Rodiamu pekee ilivuka dola 20,000 kwa aunsi mwaka 2021, na sehemu kubwa ya rodiamu ya dunia inatoka Afrika Kusini. Lakini bei hiyohiyo ndiyo inayowafanya wanunuzi wa chakavu wapite gereji kwa gereji wakiuliza masega. Wewe unalipia kutolewa kitu, na kitu chenyewe kinabaki gereji na kuuzwa. Sisemi kila fundi anafanya hivyo, wengi ni waaminifu na wanafanya walichofundishwa. Ila mali ni yako. Dai kuondoka nayo.

Kama kipimo kimeonyesha yamekufa kweli, kwanza tibu kilichoyaua. Kisha tafuta masega ya kuchomelea yanayolingana na ukubwa wa injini yako, na uyafunge palepale yalipokuwa ya mwanzo. Ukiyasogeza nyuma yanachelewa kupata joto, na masega ya baridi hayafanyi kazi. Ya mtumba yakubali baada ya kupenyeza mwanga na kuona vitundu viko wazi, bila sehemu iliyoyeyuka. Mwenye Peugeot 504 ya miaka ya 1970 au Land Rover la wakati huo hana haja ya kuhangaika, gari lake halikuzaliwa nayo. Atunze kabureta na taimingi, moshi utapungua.

Na ukilazimika kutembea kwa muda bila masega kwa sababu fedha haijapatikana, mwambie fundi afungue bolti za flanji, yaani maungio ya bomba, na aweke kipande cha bomba katikati, asipasue kopo kwa grenda. Siku ukipata masega mengine, utayafunga kwa spana na gasketi mpya tu.