Mwokoaji Asiye na Muda wa Kutazama Maji

Shule zikifungwa, mabwawa ya kuogelea ya Nairobi hufurika. Hoteli hupokea watoto kwa kiingilio, na katika fleti za Kilimani na Kileleshwa, ambako bwawa ndilo lililopamba tangazo la nyumba, watoto hushinda majini tangu asubuhi. Je, kila bwawa, hata la fleti, lilazimishwe kuwa na mwokoaji aliyefuzu?

Wanaopinga wasipuuzwe. Mshahara wa mwokoaji utaingia kwenye ada ya huduma, na wapangaji tayari wanalalamikia maji, lifti na jenereta. Mabwawa madogo yatafungwa, na bwawa likifungwa kuna watoto watakaokua bila kujua kuogelea, ilhali Shirika la Afya Duniani linahesabu mafunzo hayo kati ya kinga kuu za vifo vya majini. Tena kuna hoja nyingine, nzito kuliko ya pesa: mzazi akiona mtu mwenye fulana nyekundu na filimbi, huinamia simu yake bila wasiwasi.

Hoja hiyo ya mwisho naikubali, ila naona inaangukia upande wa pili. Mzazi anadanganyika kwa sababu yule mwenye filimbi mara nyingi hana nafasi ya kutazama. Asubuhi anapima klorini na kuchota majani, saa nne anafundisha watoto kupiga mateke huku amewapa mgongo wengine, mchana anakusanya kiingilio. Hapo kuna mfanyakazi hodari, ila mwokoaji hayupo.

Na kazi ya kutazama haina nusu. Mtu anayezama hapigi kelele kama tunavyoona kwenye sinema. Frank Pia, mwokoaji wa Marekani aliyechunguza jambo hili miaka ya 1970, alionyesha kwamba anayezama kwa kawaida hawezi kuita wala kupunga mkono: mdomo unaibuka na kuzama, mikono inakandamiza maji pembeni, mwili umesimama wima. Huenda akahimili hivyo kwa sekunde 20 hadi 60 tu kabla ya kwenda chini. Ndiyo maana waokoaji wengi hufundishwa kanuni ya 10/20: sekunde 10 kupitisha macho eneo lote, sekunde 20 kumfikia aliye hatarini. Mtu anayetafuta chenji ya noti ya elfu moja hatekelezi kanuni hiyo hata awe na vyeti vitatu.

Kwa hiyo sheria ya kudai tu "awepo mwokoaji" ingetuletea fulana nyekundu nyingi zaidi, basi. Kwa fleti ningependelea saa chache: bwawa lifunguliwe, tuseme, saa nane hadi saa kumi na moja, pakiwa na mtu asiye na kazi nyingine. Muda uliobaki lizungushiwe uzio wenye lango linalojifunga, ambalo mtoto wa miaka mitatu hawezi kulifungua. Gharama inapungua, na watoto bado wanajifunza. Wapangaji wanaotaka kuogelea alfajiri kabla ya kazi watanung'unika, na wana haki. Watu wazima wanaojua kuogelea wanaweza kupewa funguo.

Askari wa lango na msimamizi wa nyumba nao wafundishwe huduma ya kwanza. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuumia baada ya dakika chache, na ambulensi kupenya foleni ya Ngong Road ni suala jingine kabisa. Aliyezama akiwa hapumui huanziwa na pumzi za kuokolea, kisha kukandamizwa kifua. Kumning'iniza kichwa chini ili "atoe maji" ni kupoteza muda.

Wenye majengo wengi, badala ya hayo, huweka kibao: ogelea kwa hatari yako. Sheria yetu ya dhima ya mwenye jengo, Sura ya 34, inamtaka atarajie kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima, na inasema onyo peke yake halimwondolei lawama ila kama lilitosha kumweka mgeni salama. Na mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma.