LC si hela mkononi
Mwandishi wa makala ya kuuza bidhaa nje ya nchi anasema muuzaji akishapata LC, yaani ile barua ya benki ya mnunuzi inayoahidi malipo, ahesabu ameshalipwa. Hapana, ndugu mwandishi. Benki haikagui mzigo, inakagua karatasi. Kwa UCP 600, yaani kanuni za kimataifa za LC, zinazotumika tangu 2007, ina siku 5 za kazi kusoma hati zako, na hakuna atakayefungua kontena.

Mzigo wangu ulifika salama salimini. Lakini hati ya shehena ilionyesha umepakiwa siku 2 baada ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye LC. Siku 2 tu! Benki ikazikataa hati, mnunuzi akaona mwanya, akadai punguzo. Nikameza.

Kwenye dhamana za serikali kwa mikopo ya wauzaji wa nje amepatia. Wengi hudhani serikali inagawa pesa. Mara nyingi haitoi hata senti, inaiambia tu benki inayokukopesha kwamba huyu akishindwa kulipa, sehemu kubwa ya hasara ni yangu. Hapo ndipo benki iliyokuwa inang'ang'ania hati ya nyumba inapolegea. Wala si jambo jipya: Uingereza walianza 1919, Marekani wakaunda Benki ya EXIM, benki ya serikali yao ya kusaidia mauzo ya nje, 1934.

Ila angegusia na bima ya mauzo ya nje. Mnunuzi akifilisika, unafidiwa sehemu kubwa. Akisema mzigo ni mbovu, kwa kawaida bima inasubiri kwanza mmalize ugomvi wenu, na mkopo wako wa benki unaendelea kuzaa riba.