Nilivyomzika Mgombea Akiwa Mzima

Najua mmeshaisikia. Yule Mkenya ninayeishi naye hapa Los Baños ameshaimwaga kwenye kila kundi la WhatsApp la watu wetu walioko Ufilipino, na leo alfajiri shangazi kanipigia kutoka Ifakara akiuliza kama ni kweli nimewekwa ndani kwa kutukana maiti. Shangazi, sijawekwa ndani. Maiti sijaitukana. Na habari ya kwamba nilizimia ni chumvi ya Mkenya. Nilikaa chini mwenyewe, ila nilikaa kwa kasi. Sasa tulieni niwape yenyewe, mcheke kitu cha kweli.

Jana ilikuwa Alhamisi tarehe 15 Mei 2025, sikukuu ya Mtakatifu Isidori Mkulima. Wahispania walikaa katika nchi hii zaidi ya miaka 300, wakaacha kila kijiji na mtakatifu wake, na kila mtakatifu na siku yake ya kula. Siku hiyo milango iko wazi. Unaingia nyumba yoyote, ujulikane usijulikane, unapewa sahani. Nilipoelezwa jambo hili kwa mara ya kwanza machozi yalinilenga, wadau. Mimi niliyezamia harusi za watu Morogoro enzi za chuo mpaka kamati moja ikanipa kazi ya kugawa soda, leo nimefika nchi ambayo kuzamia ni ibada!

Basi kuna jamaa ninayehesabu naye mapepe ya mpunga maabara, akanialika kwao, kijiji cha upande wa ziwani. Maelekezo yake: panda jeepney (daladala la huku), shuka penye kanisa dogo, chukua traisikeli (ile pikipiki iliyofungiwa kibanda ubavuni, mwendo ni wa bajaji lakini magoti unayaacha nyumbani), halafu utaona turubai na watu wengi. Turubai na watu wengi. Siku ya sikukuu. Kijiji kizima. Nani hapa angefika salama?

Niliposhuka nikamuuliza bibi mmoja aliyekuwa akiuza ndizi za kukaanga. Akabinua mdomo kuelekea kushoto. Huku hawapendi kunyoosha kidole, wanaelekeza kwa midomo. Kwetu bibi akikubinulia mdomo namna ile unarudi nyumbani kuuliza wazee ukoo wenu ulimkosea nini. Mimi nikashukuru, nikaufuata mdomo.

Nilikuwa nimevaa shati langu la kitenge, jekundu, lile la majogoo. Mlikumbuke shati hilo.

Turubai nikaliona. Jeupe, kubwa, na mbele limechapwa jina na picha ya mgombea udiwani: upara unaong'aa, miwani minene, tabasamu la kukukopesha, mkono umenyooshwa kwako. Haikunishtua hata kidogo. Uchaguzi ulikuwa Jumatatu hii hii, tarehe 12, na hapa wanachagua maseneta 12, wabunge, magavana, mameya na madiwani kwa siku moja, kwa hiyo sura za wagombea zimening'inia mpaka kwenye minazi. Isitoshe sisi wenyewe tunalijua turubai la mheshimiwa. Harusini lipo, na kule kwingine lipo. Kule kwingine, wadau, ndiko akili yangu ilikokataa kwenda.

Chini ya turubai watu wanacheza karata. Mezani kuna kahawa, biskuti, karanga na pipi. Hakuna nguruwe wa kuchomwa mzima, ambaye ndiye mgeni rasmi wa sikukuu zote za huku. Nikajisemea maisha yamepanda. Watoto wanakimbizana, wazee wanacheka, hakuna anayelia, hakuna kanga kichwani. Nikanyanyua mikono miwili nikatangaza kwa Kiingereza kwamba nawatakia wote heri ya sikukuu.

Kimya kidogo. Wakatazamana. Halafu mama mmoja akatabasamu akanivutia kiti na kunikaribisha nile. Ndiyo shida ya Wafilipino. Mfilipino hawezi kukuumbua mbele za watu hata umkanyage kidonda. Kwetu kijana mmoja tu angetosha: "Oya wewe, hapa msiba." Yangeisha pale pale.

Nikakaa, nikachezeshwa tong-its, karata za watu watatu ambazo nilifundishwa maabara tukisubiri mashine. Maongezi yakanoga. Wanabishana kuhusu mchele wa peso 20 kwa kilo, ahadi ya Rais Marcos ya mwaka 2022 iliyozinduliwa Cebu mwanzoni mwa mwezi huu, na mimi kwenye habari ya mchele sinyamazi. Nikawauliza mbona taasisi ya utafiti wa mpunga iko hapa kwao Los Baños tangu 1960, dunia nzima tunakuja kusoma, na bado wao ni miongoni mwa waagizaji wakubwa kabisa wa mchele duniani. Wakacheka kwa adabu. Wakahamia kwa Duterte, rais wao wa zamani, aliyekamatwa Machi na kupelekwa The Hague kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na Jumatatu akashinda umeya wa Davao akiwa mahabusu Uholanzi. Mzee mmoja akatazama picha ya turubai akasema kuna wanaoshinda wakiwa ndani, na kuna wanaoshindwa wakiwa na turubai kila mtaa. Hapo nikajua mgombea wetu kaangukia pua.

Mkono ukanikubali, nikala meza. Akapita mzee na kopo, akachota sarafu kwenye ushindi wangu bila hata kunitazama. Nikamshika kiganja. Kwa heshima, lakini nilimshika. Nikamweleza kwamba baba, hizi ni halali yangu. Akatabasamu, akaziachia. Kumbe fungu lile ni la wafiwa, ndilo linalosaidia gharama za mazishi. Yaani nimekaa kwenye msiba wa watu nagombea rambirambi.

Kabla ya kuingia ndani nikajaza mifuko biskuti na karanga za kupeleka nyumbani, kwa sababu kwenye sikukuu za huku kufungiwa chakula ni kawaida. Zilikuwa za Mkenya. Huyo huyo.

Sasa hapa twende polepole, maana hapa ndipo anapopotosha.

Nikaona si vizuri kula karata na kahawa ya watu bila kusalimia wenye nyumba na kumsujudia mtakatifu wao. Nikavua viatu mlangoni. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia. Mkononi nina kikombe cha kahawa. Ndani wametandaza pazia jeupe ukuta mzima, taa ndefu za kusimama kushoto na kulia, mashada yenye riboni, mishumaa, msalaba. Katikati kitu kirefu cheupe chenye kioo juu. Pembeni simu imesimikwa kwenye stendi inarekodi. Nikaipungia.

Msinihukumu haraka. Mimi ni Mkatoliki wa Ifakara, nimetumikia altareni. Makanisa ya huku wanamlaza Kristo aliyekufa ndani ya sanduku la kioo, na majumbani watu wanaweka sanamu za watakatifu wamevalishwa nguo za kushonwa. Kwa hiyo kichwani mwangu mambo yalinyooka kabisa: huyu hapa Isidori, na familia hii ina uwezo.

Nikasogea. Nilihitaji mkono wa kupiga ishara ya msalaba. Kikombe nikakiweka juu ya kioo.

Rudieni kusoma. Kikombe cha kahawa. Juu ya kioo.

Nikapiga ishara ya msalaba, nikainamisha macho. Nikaona mikono imefungwa rozari. Vizuri. Nikaona shati la barong, lile jepesi la sherehe, limedariziwa kifuani. Nikasema wamemvika kizalendo. Nikapanda mpaka kidevuni, nikaona pamekwaruzwa na wembe, kamstari kadogo, kamepakwa poda. Nikajiuliza nani ananyoa sanamu. Nikapanda tena. Miwani.

Isidori amekufa karne ya 12. Miwani ilikuwa haijavumbuliwa.

Nikahisi baridi ikianzia kwenye kile kidole cha soksi. Nikageuza shingo. Kwenye kiti cha plastiki, hatua moja kutoka kwangu, kaketi mama wa makamo kavaa nyeupe, anakitazama kikombe. Nami nikakitazama kikombe. Tukakitazama wote wawili muda mrefu. Nikakinyanyua. Kimeacha duara la kahawa, sawasawa juu ya pua ya marehemu. Sikuwa na leso. Nikafuta kwa mkono wa shati. Jekundu, ambalo kwenye msiba wa huku ni mwiko. Jogoo mmoja akapita juu ya uso wa marehemu, akaenda, akarudi.

Mtu mwenye busara angeondoka hapo. Mimi nikaamua kurekebisha.

Dirishani naliona lile turubai kwa nyuma, picha inapenya mwangani. Upara. Miwani minene. Nikatazama kwenye kioo: upara, miwani minene. Nikajumlisha, nikaona sasa nimeelewa kila kitu, na kwamba naweza kutoa pole yenye uzito, si pole ya mgeni anayebahatisha. Nikapiga goti mbele ya mjane. Nikamshika mikono. Nikamwambia kwa sauti ya padre kwamba siasa ni mbaya, mama. Nikamwambia watu hawa wangempigia kura tu, leo tungekuwa naye.

Midomo yake ikaanza kutetemeka. Nikadhani nimemgusa. Nikaendelea! Nikamwambia kuanguka uchaguzi kusingekuwa mwisho, miaka mitatu si mingi, angegombea tena.

Mkono ukanishika begani.

Nikageuka nikiwa bado nimepiga goti, kwa hiyo nilimwona kuanzia chini. Suruali nyeusi. Kitambi. Mkono umenyooshwa kwangu. Tabasamu la kukukopesha. Miwani. Upara unaong'aa chini ya taa za msiba.

Niliyoyasema hayakuwa Kiingereza wala Kitagalogi. Nilipiga yowe la Kilombero, "Yesu na Mariaaa!", nikaruka kinyumenyume, nikaipiga stendi ya shada, shada likanishukia, riboni ikanizunguka shingoni, kahawa yote ikaishia kwenye majogoo. Ndipo nilipokaa chini. Kukaa, nasema, si kuzimia. Nilikuwa naona kila kitu. Niliona maiti iko pale pale ndani na maiti imesimama hapa inaniuliza kama nimeumia.

Ni mdogo wake marehemu, tumbo moja. Wapiga kura walimzika Jumatatu, mimi nikarudia Alhamisi.

Na ile simu kwenye stendi? Ilikuwa mubashara. Familia za huku zimesambaa na kazi dunia nzima, kwa hiyo maiti hulazwa nyumbani siku kadhaa kuwasubiri walio mbali, na wasioweza kuja wanakesha kwenye simu. Walikuwepo mabinamu wa Dubai, mpwa aliyeko melini, na binti wa marehemu anayefanya kazi za ndani Muscat kwa familia yenye asili ya Unguja. Ukumbi mzima umeganda, mimi niko chini na shada, ndipo simu ikasema kwa lafudhi ya Kiunguja safi: "Kwani huyu nani?"

Huyo binti ndiye aliyewarushia video wenzake Wakenya wa Muscat. Wakenya wa Muscat wakamrushia Mkenya wangu. Ilimfikia kabla mimi sijavaa viatu.

Yaliyobaki ni mafupi. Mjane alicheka mpaka akashikilia jeneza, na hapo ndipo ukumbi wote ukaachia. Nikainuliwa. Nikaambiwa chakula cha msiba hakipelekwi nyumbani, nikaanza kutoa biskuti mifukoni, moja baada ya nyingine, na karanga, huku watu wanahesabu kwa sauti. Sarafu za yule mzee nikazirudisha na nyongeza. Nikaaga, nikasimama getini nikingoja kusindikizwa kama mtu na heshima zake. Hakutoka mtu, kumbe wafiwa hawasindikizi mgeni, ni mkosi. Nikaambiwa pia nisiende moja kwa moja nyumbani, nipite kwanza mahali pengine ili roho isinifuate. Nikapita kwa yule jamaa wa maabara. Nyumba ya nne. Ina turubai vilevile, la mgombea mwingine. Nguruwe alikuwa amebaki masikio.

Kwa wanaouliza kwenye ujumbe wa siri: hapana, video siiweki hapa, iombeni Muscat. Mgombea ameniomba urafiki Facebook na nimekubali, sikuwa na pa kukatalia. Binti anatua kesho Jumamosi, mazishi Jumapili, na familia imenipangia kubeba lile shada. Shati wamesema nivae jeupe. Mkenya ameuliza kama na yeye anaruhusiwa kuja. Hajaalikwa.