Filamu ya Lord Erroll na vita visivyoonekana

Wengi wakishaitazama White Mischief (1987, mwongozaji Michael Radford) hubishana jambo moja tu: nani alimpiga risasi Lord Erroll? Mimi swali hilo limeshanichosha. Kinachonikera ni kwamba filamu ya mauaji yaliyotokea Kenya Januari 1941 inaisha bila mtazamaji kuhisi kwamba nchi iko vitani.

Kwa asiyeijua kesi: usiku wa manane kuamkia alfajiri ya tarehe 24 Januari, gari aina ya Buick lilikutwa limeacha barabara karibu na njiapanda ya Karen na Ngong, taa zinawaka. Ndani, sakafuni, mwili wa Josslyn Hay, Earl wa Erroll, miaka 39, kapigwa risasi ya kichwa. Alikuwa na uhusiano wa waziwazi na Diana, mke kijana wa Sir Jock Delves Broughton, ndoa yenyewe haijatimiza hata miezi mitatu. Jioni ya mkesha ule, Muthaiga Club, klabu ya walowezi Nairobi, Broughton aliinua glasi akawatakia wapenzi hao heri, akawaombea na mrithi! Joss Ackland, mwigizaji wa Broughton, anaibeba fedheha hiyo vizuri mno. Kwa ajili yake tu filamu inatazamika.

Broughton alishtakiwa, na tarehe 1 Julai akaachiwa huru. Bastola zake zilizosajiliwa zilikuwa Colt, na alama zilizokuwa kwenye risasi hazikuwa za Colt.

Sasa tutazame nje ya klabu. Siku hizohizo askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), pamoja na wenzao kutoka Nigeria, Gold Coast (Ghana ya leo) na Afrika Kusini, walikuwa wakivuka mpaka kutoka Kenya kuingia Somalia ya Waitaliano. Mogadishu ilianguka Februari, Addis Ababa Aprili. Kesi inaanza mwishoni mwa Mei, Mussolini keshapoteza miji yote miwili. Na marehemu Erroll, aliyekuwa na cheo cha kijeshi Nairobi, ndiye yuleyule aliyejiunga na mafashisti wa Uingereza wa Oswald Mosley mwaka 1934. Hadithi kubwa kiasi hicho, halafu filamu inabaki na sare kama pambo.

Hata walioligundua gari walikuwa Waafrika wawili, wafanyakazi wa lori la maziwa. Na majumbani mule, nani alijua bwana karudi saa ngapi kama si mpishi na yaya? Kwenye filamu wao ni wa kushika sinia. Najua nitaambiwa mwongozaji amekusudia, anaonyesha jinsi walowezi walivyokuwa hawawaoni watu. Nakubali nusu. Lakini kamera haikulazimika kutazama kwa macho ya walowezi mwanzo hadi mwisho.

Mahakamani ndipo ningekaa zaidi. Kesi ya Broughton iliamuliwa na jopo la wazungu wenzake (jury), haki ambayo sheria ya koloni iliwapa Wazungu peke yao; Mwafrika aliyeshtakiwa kwa kuua alisimama mbele ya jaji na wazee wa baraza, ambao ushauri wao jaji aliweza kuupuuza. Kamba ya kunyongea ilikuwa ileile.

Mwisho nao wameuchezea. Kwenye filamu Broughton anajipiga risasi mbele ya Diana. Kwa kweli alirudi Uingereza, akafa Desemba 1942 hotelini Liverpool kwa kuzidisha mofini. Nadhani waliona bastola itauza zaidi.