Wenyeji Hawakuzaliwa?

Nje ya duka langu la steshenari hapa Ujiji kuna ubao mweusi. Nusu yake ni biashara: kopi shilingi mia, kuprinti, laminesheni, picha za pasipoti. Nusu ya pili ni mambo yangu. Kila asubuhi naandika kwa chaki nani alizaliwa siku kama ya leo, awe mshairi, mwimbaji, mtawala au mwanahistoria, na mistari miwili mitatu ya kumsifu. Nilianza kwa mzaha, umeme ulipokuwa ukikatika na wateja wakakosa cha kutazama wakisubiri. Siku hizi ikifika saa mbili ubao haujaandikwa, wazee wa kahawa wa hapo jirani wananitumia salamu kuuliza kama naumwa.

Tarehe 19 Machi nilijiona bingwa. Siku hiyo walizaliwa wasafiri wawili wa Kizungu ambao mtoto yeyote wa Ujiji aliyepita darasani kawasikia: David Livingstone, mwaka 1813, Blantyre huko Uskoti, na Richard Burton, mwaka 1821, Torquay huko Uingereza. Tarehe moja, na wote wawili wakaja kukanyaga mchanga wetu huu. Burton aliletwa Februari 1858 akiwa hoi, miguu haimbebi, na mwenzake Speke macho yanamuuma kiasi kwamba Ziwa Tanganyika alilolifuata miezi yote ile aliliona kama ukungu tu. Nikaandika yote hayo kwa chaki za rangi, nikachora na mwembe.

Akaja bi mkubwa mmoja anayeuza mawese sokoni, ana karatasi za kutoa kopi. Miwani kaiacha nyumbani, akaomba nimsomee ubao. Nikamsomea kwa madaha. Alinyamaza, akajifunga khanga upya, akauliza: "Mwanangu, hao wote si wageni? Wenyeji hawakuzaliwa?"

Nikampa kopi zake, na siku ile sikumtoza.

Swali lile lilinikaa kwa sababu jibu lake nalishika mkononi kila siku na nilikuwa silioni. Kazi yangu ni karatasi za kuzaliwa. Wanaokuja kwangu asubuhi, nusu yao wana cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au kiapo cha kuzaliwa cha mzee aliyezaliwa kabla cheti hakijamfikia. Na ukitazama karatasi za wazee utadhani mkoa mzima ulizaliwa siku moja. 1 Julai, 1 Julai, 1 Julai. Mzee anaujua mwaka kwa kukisia, mwezi haujui, fomu haikubali nafasi tupu, basi karani anamkata katikati ya mwaka na kumwambia apite dirisha la pili. Mama yangu mdogo kuna ofisi ilimwandika mwaka ambao, ukipiga hesabu, anamzidi mtoto wake wa kwanza kwa miaka tisa. Alicheka hadi akakaa chini. Kwenda kurekebisha hakucheka, ni nauli tatu na siku nne.

Kwa hiyo nilipokuwa najisifu kwamba ubao wangu unaheshimu watu wakubwa wa sanaa na historia, ulichokuwa unaheshimu ni daftari. Aliyezaliwa penye daftari la parokia au la manispaa ana siku yake ya kusifiwa kila mwaka. Aliyezaliwa pasipo daftari, hata angetikisa nchi, hana asubuhi yake ubaoni.

Mchukue mtemi Mirambo, wa hapo Urambo, njia ya Tabora. Mwaka 1871 aliwafungia njia wafanyabiashara wa Tabora mpaka Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akajiunga na vita dhidi yake, wakapigwa, na ikambidi azunguke kusini ndipo afike kwetu. Baadaye, mwaka 1876, walikutana wakachanjiana udugu, na Stanley huyo huyo akamfananisha na Napoleon. Napoleon alizaliwa 15 Agosti 1769, kila mwaka ana salamu zake. Mirambo tunaambiwa "mnamo 1840". Siku tunayoijua sawasawa ni ya kufa kwake, 2 Desemba 1884. Isike, mtemi wa Unyanyembe huko Tabora, naye ni hivyo hivyo: tunachokijua ni Januari 1893, alipowasha baruti ndani ya boma lake kuliko kushikwa na Wajerumani.

Au Sidi Mubarak Bombay. Huyu ananiuma zaidi, kwa sababu nilimwandika Burton mara tatu bila kumtaja. Alikuwa Myao, akashikwa utumwani angali mtoto, akauzwa mpaka India, na jina alilorudi nalo ni la mji wa wenyewe. Huyo ndiye alikuwa mkalimani katika safari ya Burton na Speke hadi Ujiji. Akaenda tena na Speke kuitafuta Nile. Akaja na Stanley. Halafu akavuka bara zima na Cameron, ofisa wa Kiingereza, hadi Bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Ukimpanga na wazungu wote aliowaongoza, yeye ni mmoja wa waliotembea zaidi. Ila mtoto anayevuliwa jina hawezi kubaki na siku ya kuzaliwa.

Na hao wenye karatasi wenyewe, tarehe zao si chuma cha pua. Stanley alizaliwa 28 Januari 1841 huko Wales akiitwa John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa, na maisha yake yote aliikwepa siku hiyo kama mtu anavyomkwepa mdai. Hata siku iliyoupa mji wetu jina duniani, ile ya "Dr. Livingstone, nadhani?", ina utata wake. Stanley aliandika 10 Novemba 1871. Daftari la Livingstone linaiweka mwishoni mwa Oktoba. Homa, njaa na upweke vilikuwa vimewavurugia hesabu za siku, wanaume wawili wanashikana mikono chini ya mwembe na kila mmoja ana kalenda yake kichwani. Wakati huo watu wa Ujiji wamesimama kando wakitazama, nasi tunaambiwa wao ndio hawakujua tarehe!

Nimesema nitasifu, basi nisifu kidogo. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo, Mei 1873, walioamua nini kifanyike ni watu wake: Abdullah Susi, James Chuma na wenzao. Moyo wakauzika pale pale chini ya mti. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaanza kutembea. Walipofika Tabora walimkuta Cameron, mzungu, ofisa, mtu wa kusikilizwa, naye akawashauri wamzike hapo hapo yaishe. Wakakataa. Hebu fikiria nafasi yao, kisha ulitazame tena neno hilo: wakakataa. Februari 1874 wakafika pwani, na Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa Westminster Abbey. Mtu mwenye 19 Machi yake amelala kule kwa sababu ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaandikia siku yao. Wazee wa kahawa nilipowasimulia habari hii, mmoja alisema tu, "Maiti ya mgeni ni amana," akamimina kikombe kingine.

Nitoke kidogo nje ya mada. Kaskazini yetu, ukipanda boti Kibirizi, kuna Gombe. Jane Goodall, aliyezaliwa 3 Aprili 1934 na kufariki Oktoba 2025, alifika pale 14 Julai 1960, na tangu hapo sokwe wa Gombe wanaandikwa. Flint kazaliwa 1964. Pacha Golden na Glitter, 1998. Nani mama, nani kaka, yote yapo. Sina kinyongo na sokwe, wala na bibi yule, ambaye kazi yake naiheshimu na nilimwandika ubaoni kwa mapenzi. Nasema tu kwamba kuna wazee wa vijiji vya ukanda ule ule, rika la Flint, ambao mimi nimewachapia kiapo chenye 1 Julai. Hata meli yetu Liemba inajulikana ilishushwa majini hapa Kigoma tarehe 5 Februari 1915.

Kuna rafiki yangu, mwalimu mstaafu, anaona haya yote ni kelele. Kwake yeye bethidei ni mambo ya keki na mishumaa, si mila yetu, tuwaachie wenyewe. Hapo ndipo tunapogombana. Kama si mila yetu, Maulidi ni nini? Kila Mfunguo Sita Ujiji hii inakesha. Inasomwa Barzanji, kitabu cha sifa za Mtume, dufu zinapigwa, na msomaji akifika penye kuzaliwa kwa Mtume, uwanja mzima unasimama. Sijui heshima ya siku ya kuzaliwa inayozidi hiyo, watu kusimama kwa ajili ya kuzaliwa kwa mtu kana kwamba anaingia mlangoni. Wakristo jirani zetu nao wana Krismasi yao. Na majina yetu je? Mnyamwezi anayeitwa Mabula amebeba mvua ya siku aliyozaliwa, Kashindye katangulia miguu. Huku kwetu Bukuru na Butoyi ni pacha, na Chiza kawafuata. Nyerere mwenyewe, kabla hajawa na 13 Aprili 1922, alikuwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Kuzaliwa kwa watu kulikumbukwa sana. Kulikumbukwa kwa mvua na kwa miguu iliyotangulia.

Kitu ambacho si mila yetu, nadhani, ni hii ya kumsifu mtu kwa tarehe na picha basi. Barzanji haiishii kwenye tarehe. Inaeleza nasaba, sura, tabia, mtu alivyokuwa akitembea. Salamu nyingi za siku hizi, na zangu zimo, ni jina, mwaka na "mungu amlaze pema". Taifa nalo limechagua njia nyingine: tunapumzika 7 Aprili kwa kuwa Karume aliuawa siku hiyo mwaka 1972, na 14 Oktoba kwa kuwa Nyerere alifariki siku hiyo mwaka 1999. Siku ya kufa ina mashahidi, siku ya kuzaliwa ina mama na mkunga. Naelewa. Lakini ukimkumbuka mtu kwa kifo tu unamkumbuka akiwa amekwisha.

Anayenipa moyo ni Shaaban Robert. Yeye ana tarehe, 1 Januari 1909, Vibambani, Tanga, na salamu zake kila mwaka zinazama katikati ya fataki za Mwaka Mpya. Mtu huyu mwenye tarehe alikaa chini akaandika wasifu wa mwimbaji Siti binti Saad, ambaye hana. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, kwa sababu ndivyo nyakati zilivyokuwa. Akafinyanga vyungu, akaviuza, akaimba, akafika Bombay kurekodi sahani za santuri. Shaaban Robert hakungoja cheti. Alitazama mtu alivyojijenga kutoka jina lile mpaka kuitwa Siti, akaandika hilo.

Basi mwaka huu nikaamua. Kwa kuwa serikali ya makarani imekwisha kuwapa bibi zetu 1 Julai, nikasema siku hiyo iwe ya wote wasio na siku. Asubuhi nikafuta hata bei za kopi upande wa kushoto, nikabakiza mstari mmoja chini kabisa. Juu nikaandika: Mirambo. Isike. Sidi Mubarak Bombay. Susi. Chuma. Siti binti Saad. Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, ambaye umri wake kila mtu alikuwa na wake. Na kila jina mistari yake miwili.

Mwalimu mstaafu akaja na fimbo yake. "Unaongeza uongo juu ya uongo wa karani." Nikamwonyesha kwamba sikuandika "alizaliwa", niliandika "tunamsimamia leo". Akasoma tena, akasema wino wa kisheria hautambui tofauti hiyo. Nikamwambia mimi natumia chaki. Hakukubali, lakini kahawa alininunulia, na akanisahihisha herufi za jina la Unyanyembe.

Mchana akapita bi mkubwa wa mawese. Safari hii alikuwa na miwani. Alisoma jina moja moja, midomo inachezacheza, kisha akasogea dirishani na kushusha sauti.

"Kuandikwa hapo, jina moja shilingi ngapi?"

Nikamwambia ni bure. Akafikiri kidogo, akanitajia jina la mama yake, na kwamba alikuwa mkunga, na kwamba nusu ya watu wanaopita barabara ile walimwangukia mikononi. Nafasi ilikuwa imebaki ndogo. Nikalibana chini ya Bi Kidude, juu ya kopi shilingi mia.